Je, Ibrahimu Alikuwa Myahudi?

Mazungumzo ya redio. Masomo: Mwanzo 14:8-16, Esta 8:15-17, Warumi 4:9-17

Leo tumechukua swali moja ambalo huulizwa mara nyingi katika mitaa yetu ya Kitui na Makueni, katika madarasa ya kipaimara, katika mikutano ya akina mama, na hata njiani watu wanaporudi kutoka ibadani. Swali lenyewe ni hili: Je, Ibrahimu alikuwa Myahudi?

Mtu aweza kudhani kwamba hili ni swali la wasomi tu, la kujibiwa katika chuo cha theolojia na kusahauliwa. Sivyo. Linawagusa watu wa nyumba zetu. Wako vijana wanaoambiwa na walimu wapitao kwamba ahadi alizopewa Ibrahimu ni za Wayahudi peke yao, na kwamba Mkamba akizitaka sharti kwanza athibitishe kuwa damu yake ilitoka Yuda. Na wako wazee wanaosema kwa upande wao, "Mambo ya Ibrahimu ni ya Wayahudi, sisi tuna baba zetu." Vijana hao na wazee hao hawapatani katika jambo lo lote, ila wote wamesimama juu ya neno moja, kwamba Ibrahimu alikuwa Myahudi. Basi hebu tulipime neno hilo kwa Maandiko na kwa historia.

Tuanze nyumbani kwetu. Mwaka 1849 mmisionari Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha CMS, alitoka Rabai akasafiri mpaka Kitui. Huko alikaribishwa na Kivoi, mfanyi biashara mashuhuri wa pembe za ndovu, ambaye misafara yake ilifika pwani. Ni Kivoi aliyemweleza habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba mwaka huo Krapf aliuona mlima huo kwa macho yake kutoka Kitui. Jina la mlima alilolisikia kwa Wakamba aliliandika, na kutokana na jina la mlima nchi yetu ikaja kuitwa Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851 karibu na mto Tana, akiwa safarini pamoja na Krapf.

Sasa tuulize: Je, Kivoi alikuwa Mkenya? Mtoto wa shule atajibu upesi kwamba naam, kwa sababu alikaa Kitui. Lakini Koloni ya Kenya ilitangazwa mwaka 1920, na uhuru ulipatikana mwaka 1963. Siku za Kivoi hapakuwa na kitu kilichoitwa Kenya isipokuwa mlima. Kivoi hakuwa Mkenya, wala hangelielewa neno hilo. Hata hivyo hakuna awezaye kumtoa katika hesabu ya wazee waliotutangulia.

Watu wa Makueni wanao mfano wao pia. Mzee aliyezaliwa Mbooni na kuzikwa huko mwaka 1930 alikuwa mtu wa Wilaya ya Machakos. Wilaya ya Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992, na serikali ya kaunti ikaanza kazi mwaka 2013. Wajukuu wa mzee huyo leo ni watu wa Makueni, naye hakuwa. Lakini ni babu yao, na kaburi lake ni lao. Jina lilikuja nyuma yake, likawakuta watoto wake. Tukilishika jambo hili dogo, habari za Ibrahimu hazitatusumbua sana.

Haya, tufungue Maandiko. Katika Mwanzo 14 mtu mmoja aliokoka vitani, akaja kumpasha Abramu habari kwamba Lutu ametekwa. Hapo Maandiko yanamwita Abramu jina la kabila, nalo ni Mwebrania. Neno Myahudi halimo. Yusufu naye huko Misri aliitwa Mwebrania, na Yona alijitaja hivyo mbele ya mabaharia. Zaidi ya hayo, katika Kumbukumbu la Torati 26 Mwisraeli aliyeleta malimbuko ya shamba lake aliagizwa kukiri mbele za Mungu kwamba baba yake alikuwa Mwarami, mtu wa kutangatanga. Ibrahimu alitoka Uru, akakaa Harani, na jamaa zake walibaki huko kwa Waarami. Alikuwa na wana ambao hakuna mtu aliyewaita Wayahudi, kama Ishmaeli, na tena wana wa Ketura. Mjukuu wake Esau akawa baba wa Waedomu.

Jina la pili ni Israeli. Yakobo alipewa jina hilo baada ya kushindana usiku kucha penye kivuko cha Yaboki, na wanawe kumi na wawili wakawa wana wa Israeli. Nje ya Biblia, jina hili linaonekana juu ya jiwe la mfalme Merneptah wa Misri, lililochongwa yapata mwaka 1208 kabla ya Kristo, ambapo mfalme huyo anajisifu kwamba ameshinda watu wa Kanaani, na Israeli miongoni mwao. Kwa hiyo wakati huo walikuwapo watu walioitwa Israeli.

Yuda alikuwa mmoja tu katika wale kumi na wawili, mwana wa nne wa Lea. Tuangalie basi wakuu wa habari zile za kale walitoka wapi. Musa na Haruni walikuwa wa Lawi. Yoshua alikuwa wa Efraimu, Gideoni wa Manase, na mfalme Sauli wa Benyamini. Daudi alikuwa wa Yuda. Kumwita Musa Myahudi kwa maana ya kabila ni kama kumwita mtu wa mbai ya Atangwa kwamba ni wa mbai ya Aombe. Wote ni Wakamba, lakini mbai ni nyingine, na mwenyewe atakusahihisha hapo hapo.

Ilikuwaje basi jina la kabila moja likawafunika wengine wote? Baada ya Sulemani, yapata mwaka 930 kabla ya Kristo, ufalme uligawanyika. Kaskazini ukawa ufalme wa Israeli, na kusini ufalme wa Yuda wenye mji wa Yerusalemu. Watu wa ufalme huo wa kusini, wakiwamo Wabenyamini wengi na Walawi, wakaja kuitwa kwa jina la nchi yao. Tukisoma vitabu vya historia katika Agano la Kale kwa utaratibu wake, mahali pa kwanza tunapokutana na jina la Wayahudi kwa Kiebrania ni 2 Wafalme 16, siku za mfalme Ahazi. Nanyi wasikilizaji angalieni vita vyenyewe. Mfalme wa Shamu na mfalme wa Israeli walikuwa wamepatana kuupiga Yerusalemu. Yaani jina Myahudi linapoanza kusikika katika habari zile, Israeli wako upande wa adui!

Mwaka 722 kabla ya Kristo Waashuri waliangusha Samaria, na ufalme wa Israeli ukaisha. Yuda ukabaki peke yake, mpaka Wababeli walipouteketeza Yerusalemu na hekalu, yapata mwaka 587. Hapo ndipo watu waliochukuliwa mateka walipolazimika kujiuliza wao ni nani, maana hawakuwa tena na mfalme, wala nchi, wala hekalu. Walishika sabato na tohara, walishika maandiko yao na kumbukumbu ya Yerusalemu. Koreshi wa Uajemi alipoishinda Babeli mwaka 539, wengine walirudi na kulijenga hekalu, lakini wengi walibaki ugenini. Na wote, waliorudi na waliobaki, waliitwa Wayahudi.

Mfano ulio wazi ni Mordekai katika kitabu cha Esta. Sura ya pili inamwita Myahudi, na papo hapo inasema yeye ni Mbenyamini. Sio mtu wa kabila la Yuda, na anakaa Shushani, mbali kabisa na nchi ya Yuda. Jina limevuka kabila, limevuka na mpaka. Sura ya nane inatuambia jambo kubwa zaidi, kwamba watu wengi wa mataifa ya nchi ile walijifanya Wayahudi. Mambo hayo hatuyapati katika Esta tu. Katika kisiwa cha Elefantine, karibu na Aswani, katika mto huo huo wa Naili unaotoka Jinja, waliishi askari Wayahudi waliowatumikia Waajemi. Barua zao za Kiarami zimehifadhiwa mpaka leo. Mwaka 407 kabla ya Kristo walimwandikia liwali wa Uyahudi kuomba msaada ili wajenge tena hekalu lao lililobomolewa. Walikuwa kusini mwa Misri, na bado walijiita Wayahudi.

Baadaye jina hili likabeba dini pamoja na jamii. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambacho sisi Waanglikana husoma kwa mafundisho ya mwenendo, tunalikuta neno la Kiyunani lenye maana ya dini na desturi ya Kiyahudi. Lilitumika wakati watu walipokuwa tayari kufa kuliko kuiacha sheria. Mwishoni mwa karne ya 2 kabla ya Kristo, kama anavyoandika Josefo, mtawala Yohana Hirkano aliwataka Waedomu, wana wa Esau, watahiriwe na kuishika sheria ikiwa wanataka kubaki katika nchi yao. Wakahesabiwa Wayahudi. Katika jamaa za watu hao ndimo alimotoka Herode.

Kwa hiyo mtu akituuliza Wayahudi walianza lini, tutamjibu kwa utaratibu. Jina lilianza katika ufalme wa Yuda. Jamii inayodumu bila mfalme na bila nchi ilianza uhamishoni Babeli na katika kurudi. Dini yenye jina lake yenyewe inaonekana wazi siku za Wamakabayo. Ibrahimu aliishi kabla ya hayo yote kwa mamia ya miaka. Yeye ni baba wa Wayahudi, lakini mwenyewe hakuwa Myahudi.

Hapa tuwaonye wapendwa wetu juu ya hatari moja. Mtu asilichukue neno hili akawanyang'anye Wayahudi baba yao. Kama vile Kivoi ni mzee wa Wakenya ingawa jina lao lilikuja baadaye, ndivyo Ibrahimu alivyo baba wa Wayahudi, nao humwita hivyo katika sala zao kila siku. Walimu wao wa kale waliamini hata kwamba aliishika sheria yote kabla haijatolewa. Huo ndio upendo wa wana kwa baba. Watu waliochukia Wayahudi katika nchi za Ulaya walianza kwa kuwatenga katika maneno, na mwisho wake ulikuwa mauaji ya mamilioni katika vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Mkristo asishiriki jambo hilo hata kidogo. Bwana wetu alizaliwa Myahudi, na mama yake Mariamu, na Mitume wote.

Tena tuangalie ni nani waliotiwa katika jamaa hii. Asenathi, mama wa Efraimu na Manase, alikuwa binti wa kuhani wa Misri. Ruthu alikuwa Mmoabi, akamwandama mkwewe Naomi mpaka Bethlehemu, akawa bibi-mzaa-babu wa Daudi. Boazi alipomwoa, nia ilikuwa kusimamisha jina la marehemu juu ya urithi wake. Sisi Wakamba habari hiyo haitushangazi. Katika desturi ya iweto, mwanamke asiyejaliwa mtoto alimtwaa mwanamke mwingine na kumlipia mahari, ili watoto watakaozaliwa wahesabiwe kuwa wa nyumba yake na wachukue jina la mumewe. Hatusemi leo kama desturi hiyo ifuatwe ama isifuatwe, hilo ni la mazungumzo mengine. Tunasema tu kwamba wazee wetu walijua kwamba nyumba husimama kwa damu, na pia kwa agano na jina.

Wayahudi wenyewe walilijua hilo. Mtu wa mataifa aliyeingia katika dini yao huitwa mwana wa Ibrahimu. Katika karne ya 12 mwongofu mmoja aliyeitwa Obadia alimwuliza mwalimu wao mkubwa Maimonides, aliyekaa Misri, kama yaruhusiwa yeye mgeni kuomba akiwataja baba zetu. Maimonides alimjibu kwamba asibadili neno hata moja, kwa kuwa Ibrahimu ni baba wa kila anayeingia chini ya mabawa ya Mungu.

Hata jirani zetu wa Uganda wanao mfano huo. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa Mprotestanti, alisoma Agano la Kale mpaka mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, na huko Mbale likaanza kundi liitwalo Abayudaya, yaani watu wa Yuda. Walipigwa marufuku wakati wa Idi Amin, wakasali kwa siri. Mwaka 2002 mamia yao walipokelewa rasmi mbele ya marabi. Abayudaya hawadai kwamba damu yao ilitoka Yuda. Wanasema waliingia kwa imani na kwa agano. Sisi hatukuifuata njia yao, lakini kwa hili wanatushinda wengi wetu, maana hawakutunga ukoo ili wapate heshima.

Sasa tumfikie Mtume Paulo, aliyekuwa Myahudi na Mbenyamini, kama Mordekai. Katika Warumi 4 anauliza swali la mwanahistoria: Ibrahimu alihesabiwa haki lini? Kabla ya kutahiriwa ama baada yake? Tuhesabu pamoja naye. Katika Mwanzo 15 Abramu alimwamini Bwana akahesabiwa haki. Katika sura ya 16 Ishmaeli akazaliwa, na baba yake alikuwa na miaka 86. Tohara inakuja katika sura ya 17, naye ana miaka 99. Basi miaka 13 au zaidi Ibrahimu alikuwa mwenye haki mbele za Mungu bila alama yo yote mwilini, bila Torati, bila hekalu, wala jina la Yuda. Paulo anasema ilikuwa hivyo ili awe baba wa waliotahiriwa, na pia baba wa wote waaminio bila kutahiriwa. Mungu alimwita mtu kwanza, majina yakafuata.

Kwa hiyo kijana wetu, usidanganywe. Huhitaji kuzua kwamba Wakamba ni kabila lililopotea la Israeli ndipo uwe mtoto wa Ibrahimu. Nawe mzee wetu, usimwone Ibrahimu kuwa mgeni katika boma lako. Alikuwa mtu wa mifugo na visima, aliyehama kwa sababu ya njaa, aliyenunua pango la kumzikia mke wake katika nchi ya ugenini. Mambo hayo Ukambani tunayajua. Kila jioni tunapoimba Wimbo wa Mariamu katika Sala ya Jioni, tunamtaja Ibrahimu na uzao wake, na sisi tumo.

Liko jambo la mwisho, na hili ni la kwetu kabisa. Wazee husimulia kwamba watu wa kwanza waliwekwa na Mulungu juu ya mwamba wa Nzaui, na nyayo zao zaonyeshwa pale. Wanahistoria nao wanatuambia kwamba Wakamba walikaa Mbooni katika karne ya 17, na katika karne ya 18 wengine wakavuka mto Athi kuingia Kitui. Yaani ye yote aliyeko Kitui leo, babu yake alifika akiwa mtu wa kuja. Hata hivyo tunasikia katika mashauri ya mashamba, katika matanga, na wakati mwingine katika uchaguzi wa wazee wa kanisa, mtu akiambiwa, "Wewe si wa hapa." Mjane aliyeolewa kutoka mbali huambiwa hivyo mumewe akiisha kuzikwa. Mtoto aliyelelewa katika nyumba huambiwa hivyo siku ya kugawa shamba. Mtu wa Ulu huambiwa hivyo Kitui, na mtu wa Kitui huambiwa hivyo Ulu.

Wapendwa, asemaye hivyo amesahau kwamba Daudi alikuwa kitukuu cha mjane wa Moabu, na kwamba Ibrahimu mwenyewe alikuwa mgeni mpaka kufa kwake. Yohana Mbatizaji aliwaambia waliojivunia ukoo kwamba Mungu aweza kumwinulia Ibrahimu watoto kutoka katika mawe. Nasi Ukambani tunayo mawe mengi! Juma hili, kama katika mbai yako yuko mjane au mtoto ambaye shamba lake linabishaniwa kwa sababu hakuzaliwa hapo, nenda kwenye baraza ukaseme neno kwa ajili yake. Hiyo ndiyo kazi ya mwana wa Ibrahimu.

Tuombe. Ee Mungu wa Ibrahimu, uliyemwita alipokuwa bado hana jina kubwa wala nchi, tunakushukuru kwa watu wako Wayahudi ambao kwao tumepokea Maandiko na Mwokozi. Utuondolee kiburi cha ukoo. Uwatetee wajane na yatima wanaoambiwa kwamba hawana kwao. Utufanye tuwapokee, kama ulivyotupokea sisi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.